Siku Nilipofukizwa Ubani kwa Sababu ya Katuni

Watoto wa Chumbageni siku hizi wakiniona napita na kofia yangu na bakora yangu hawasemi shikamoo babu, wanasema shikamoo Konokono, na mimi naitikia marahaba, maana nitafanyaje, jina nimejipa mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya ukumbi uliojaa watu, tena wakwe. Nyinyi mliokuwapo nyamazeni, msinikatize. Nyinyi mliosikia ya kusikia, leo sikilizeni kwa mwenyewe, kwa sababu kule sokoni Ngamiani inasimuliwa kwamba nilivuliwa nguo nikatambaa, na huo ni uzushi. Kutambaa nilitambaa, lakini kanzu nilikuwa nayo.

Mnanijua mimi. Nimesimamia maghala bandarini mpaka nikastaafu, nikisema hamisha mtu anahamisha. Kijana akikaa barazani kwangu akainamia simu namwambia inua shingo wewe, utaota nundu. Televisheni kwangu ilikuwa ya taarifa ya habari na mpira, basi, na hilo nilikuwa nalisema kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Sasa nina mjukuu, Rukia, ndiyo kwanza anaingia miaka sita. Mama yake ni binti yangu Zuhura, anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani kule mpakani Horohoro, kapanga chumba hukohuko kwa sababu malori hayana saa, na nyumbani huja mwisho wa wiki. Mke wangu, mama Zuhura, naye anauza viungo sokoni, anatoka asubuhi anarudi alasiri. Anayebaki na mtoto ni mimi. Na nawaambieni, tangu nistaafu nyumba ile ilikuwa imenikalia kimya, nasikia mpaka bomba linavyodondoka, hadi alipoletwa huyu mtoto, akaanza kuniuliza kwa nini babu una nywele masikioni. Nikafufuka. Mtoto yule ni roho yangu, na mkisha kulijua hilo mtaelewa kwa nini mzee mzima nilifanya upumbavu nilioufanya.

Ilianza na sahani ya wali. Mchana mmoja Rukia kagoma kula, kafunga mdomo, nimembembeleza, nimemtisha, wapi. Nikawasha televisheni, nikamtafutia katuni ili mdomo ufunguke. Ukafunguka. Macho kwenye kioo, mdomo wazi, nikawa napeleka tonge na yeye anameza, hata haulizi ni samaki au ni mchicha. Sahani ikaisha. Nikajisemea lahaula, kumbe dawa ni hii, na mimi nimekuwa nikihangaika. Kesho yake tena, na kesho kutwa yake, na mimi nikaona si vibaya nikae naye nihakiki hicho anachokitazama, kama mlezi (ndivyo nilivyojidanganya, kama mlezi), na hapo ndipo nilipokutana na Mfalme Kaduru.

Kaduru ni kaa. Mfalme wa vilindi, kaibiwa taji lake na pweza, sasa anazunguka bahari nzima analitafuta. Anatembea upande, magando juu, kila kinachompitia anakibana. Macho yake yanapepesa moja moja, la kulia, la kushoto, harakaharaka, na sauti yake imekwaruza kama mtu mwenye mafua ya wiki mbili. Nyuma yake ana mtumishi mmoja tu aliyembakia, konokono mzee, anaongea kwa pua. Kila Kaduru akibanwa na adui, akiona sasa nakufa, huita, Konokono wangu, uko wapi? Na yule konokono hujibu kutoka mbali, Nipo nyuma yako, ewe mtukufu, naja polepole. Na huja kweli, akitambaa, na humwokoa kila mara.

Jamani, nilinaswa. Mzee wa maghala. Ilifika mahali mtoto anacheza vizuri tu uani na kopo lake na mchanga wake, mimi ndiye nachungulia mlangoni namwita, Rukia, njoo mama, kinaanza. Tulitazama asubuhi, tukatazama mchana tukila, na mama Zuhura akilala mapema kwa uchovu wa soko tulitazama tena marudio. Tukawa na mchezo wetu: yeye Kaduru, mimi Konokono. Yeye huita akiwa amejificha nyuma ya kabati au chini ya meza, mimi natambaa na magoti yangu haya haya yanayonishinda kurukuu. Raha niliyokuwa nayo siwezi kuificha, nilijiona nina miaka saba.

Lakini mwili wa mtoto haudanganyiki. Macho yakaanza kuwa mekundu, halafu yakaanza kupepesa yenyewe, hata katuni haipo, hata anaposoma juzuu yake chuoni. Usingizi ukakatika, anashtuka, anaweweseka. Akawa mzito, akipanda vile vidaraja vya barazani anahema. Kopo la uani likaota kutu. Zuhura alipokuja akamwona, akatuchukua sote wawili hadi hospitali, na daktari, binti mdogo mwenye adabu, alinipa shikamoo kwanza, halafu akauliza, "Babu, mtoto anaangalia televisheni kwa kiasi gani?"

Zuhura akanigeukia. Nikajibu bila hata kumeza mate, "Taarifa ya habari tu, daktari. Na hiyo hapo katikati anasinzia."

Yule binti akaeleza taratibu, bila kumlaumu mtu, kwamba mtoto akikodolea kioo husahau kupepesa, macho yanakauka, baadaye yanalipiza kwa kupepesa bila mpango. Kwamba akila huku anatazama tumbo halipati nafasi ya kumwambia nimeshiba. Kwamba mwanga na makelele ya katuni yakifuatana na kitanda usingizi unakimbia, na kwamba watoto wa umri ule huiga wanachokiona mpaka kinakuwa tabia. Akasema azimiwe televisheni kwa muda, acheze nje, akimbie, kisha arudishwe tuangalie. Mimi nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza khutuba ya msikiti wa mtaa mwingine.

Njiani kurudi Zuhura akasema, "Baba, mtoto akiendelea hivi nitamchukua Horohoro. Nitatafuta msichana wa kunishikia." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia baridi. Niliiona nyumba yangu na bomba linalodondoka. Mtu mwenye akili angefika nyumbani akazima. Mimi sikuzima, wakati huo Kaduru alikuwa kafika kwenye mlango wa pango la pweza, nikaona si haki kumwacha pale. Nilipunguza sauti.

Basi alasiri moja mama Zuhura katoka sokoni, kapu hajalitua, anamwona mjukuu wake anatoka jikoni kwa upande, magando juu, jicho moja linapepesa halafu la pili, anasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nani ameketi kwenye kiti changu?" Akamfuata jirani yetu aliyekuja kuomba chumvi, akambana sikio, akaendelea na safari yake upandeupande hadi chooni. Mke wangu akakaa kwenye kizingiti. Akanitazama, akasema, "Baba Zuhura, huyu mtoto si bure. Huyu kuna kitu."

Pale pale ningesema katuni. Neno moja, tungecheka, ningegombezwa, ingekwisha. Nilichosema ni, "Labda."

Yote yaliyonifika yametoka kwenye hilo labda. Mke wangu alichukua simu akampigia shangazi yake, Bi Tatu wa Ushongo, na kama kuna mtu asiyemjua Bi Tatu basi aelewe tu kwamba ni mama mmoja mfupi, mtu mzima sana, na pwani nzima ile hakuna pepo anayesemwa kuwa aliwahi kumshinda. Jumamosi akafika na kapu lake na chetezo chake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitazama kwa muda mrefu akasema, "Mkwe, mbona macho mekundu hata wewe?" Nikamwambia vumbi.

Naye hakuwa peke yake. Wakaja mashemeji zangu kutoka Pangani, wakaja majirani, akaja Mzee Shomari anayeuza pweza pale kona (mnamjua, supu yake ndiyo inayotuweka macho), ukumbi ukajaa mpaka barazani. Jogoo akachinjwa, pilau ikatelekwa. Na aliyetumwa dukani kununua ubani ni mimi, niliununua kwa mkono wangu mwenyewe, nikachagua ule mzuri wenye moshi mwingi, wala sikujua namnunulia nani.

Msidhani sikuwa na mpango. Nilikuwa nao, tena niliupenda. Niliwaza, dua haimdhuru mtu, watasoma, mtoto atanyunyiziwa marashi, tutakula pilau, na Jumatatu mimi mwenyewe nazima ile televisheni kimyakimya. Mtoto atapona. Bi Tatu atapata sifa yake, mke wangu atatulia, Zuhura, aliyesema wiki ile kazi imembana haji, hatajua kitu, na Rukia atabaki kwangu. Nilijipongeza hata nikaongeza marashi.

Wakamketisha Rukia katikati, juu ya mkeka mpya, kajitanda kanga nyeupe. Mtoto mwenyewe alikuwa na furaha tele, kuzungukwa na watu wazima wote wale na nyama inanukia. Bi Tatu akasoma, akasoma, wakaitikia, kisha akainama, akauliza kama wanavyoulizwa wageni wa namna ile, kwa upole na heshima, "Uliyepanda, karibu. Mwenyeji wako nimekuja kukuamkia. Nani wewe?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza Rukia swali zuri kama lile. Nikaona mabega yanapanda, jicho la kulia linapepesa, la kushoto linafuata. Moyo wangu ukasema usijibu mama, usijibu. Akajibu, na sauti ikatoka imekwaruza vilevile.

"Mimi ni Kaduru, mfalme wa vilindi."

Ukumbi mzima uliguna. Mke wangu akaanza kulia ndani ya mtandio. Shemeji yangu mkubwa akamnong'oneza mwenzake, "La bahari hilo. Tena la kifalme."

"Umetoka wapi, mfalme?" akauliza Bi Tatu.

"Nimetoka chini ya mwamba, palipo giza."

"Umekuja kutaka nini?"

"Nataka taji langu la lulu. Na mkate wa asali." (Mkate wa asali si wa kwenye katuni, huo kaongeza mwenyewe, mtoto ana akili huyu.)

Bi Tatu akaitikia kwa kichwa, mtu aliyezoea madai. "Taji lako lina nani?"

"Kaniibia Pweza."

Watu wote, kama walioambizana, wakageuza shingo kumtazama Mzee Shomari. Maskini, alikuwa amekaa karibu na mlango na kisahani cha kashata. Akainuka nusu, akasema, "Mimi nauza tu jamani, cha mtu sijachukua." Shemeji yangu mmoja akasogea akaziba mlango. Mimi jasho linanitoka, najua neno linalofuata na lile linalofuata hilo, ningeweza kumkumbushia mtoto akisahau, na mdomo wangu umefungwa kama ule wa Rukia siku ya wali.

Basi Bi Tatu akasema huyu ni mkaidi, mfalme haondoki kwa maneno, afukizwe. Wakaleta chetezo, wakamwagia ubani wangu ule wa moshi mwingi, wakamfunika mtoto shuka gubigubi, chetezo kikasogezwa chini ya upindo. Hapo niliinuka. "Shangazi, mtoto ana kifua chepesi huyu."

"Kaa chini, mkwe. Anayekohoa si mtoto."

Nikakaa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikaa. Nikasikia kikohozi cha kwanza, cha pili, halafu vikafuatana, shuka linatikisika, na watu wanaitikia kwa sauti zaidi wakidhani mfalme anafunga virago. Kisha kutoka ndani ya shuka ikatoka sauti, na safari hii haikuwa ile ya kukwaruza, ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya mtoto aliyeogopa.

"Konokono wangu, uko wapi?"

Ndugu zangu, mimi sikumbuki niliamua saa ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa chini, magoti na mikono kwenye sakafu, kanzu imeninyanyukia hapa, kofia imedondoka, na kutoka puani kwangu, mbele ya mashemeji, mbele ya majirani, mbele ya Bi Tatu wa Ushongo, ikatoka ile sauti, "Nipo nyuma yako, ewe mtukufu, naja polepole." Nikatambaa. Nilipita katikati ya miguu ya watu, nikamkanyaga mtu kidole, nikalivuta lile shuka, nikamkumbatia mtoto wangu, macho yanamtiririka, anakohoa, ananiambia, "Umechelewa leo, babu."

Ndipo Bi Tatu akasema, kwa sauti ya mtu ambaye kazi imemwongezekea, "Wako wawili."

Mama Zuhura akamnyakua mtoto akampeleka uani kwenye hewa, alhamdulillahi, na mashemeji zangu, watu wa kuvuta nyavu hao, mikono kama makasia, wakanikalisha mimi kwenye mkeka na shuka likanishukia. Chetezo kikaja. Nikapiga kelele, jamani ni katuni, ni katuni tu, iko kwenye televisheni.

"Nani wewe?" Bi Tatu anauliza nje.

"Mimi ni Salehe, shangazi, mume wa Mwanaisha, unanijua."

"Muongo. Umesema mwenyewe kuwa ni konokono."

"Konokono wa kwenye katuni."

"Hilo katuni ndilo kabila lako?"

Moshi ule mimi ndiye niliyeuchagua, nimeshawaambieni. Nilikohoa mpaka nikaona nyota, nikasikia Mzee Shomari anasema, na alisema kwa furaha kabisa, "Mwongezeeni ubani, huyo ndiye mwenye siri ya taji." Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na moshi pia. Nikaona hapa hakuna la kuficha tena, nikapaza sauti, "Washeni televisheni, saa hizi anaonyeshwa, mtamwona wenyewe."

"Rimoti iko wapi?" akauliza mke wangu kutoka mlango wa uani, na katika swali lile nilimsikia kaanza kuelewa.

Sikuwahi kujibu. Rukia alishapita mbio, kaingia chumbani, katoa rimoti ndani ya kiatu changu cha Ijumaa, ilipokuwa ikilala kila siku, akaja akabonyeza. Wimbo ukaanza. Shuka likaondolewa kichwani kwangu, na kwenye kioo akatokea Kaduru, upandeupande, magando juu, jicho la kulia likapepesa, la kushoto likafuata, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba yeye ni mfalme wa vilindi na kwamba ametoka chini ya mwamba, palipo giza.

Nilingoja waanze kunicheka, au wanipige, hawakufanya hata moja. Wakakaa. Mmoja akakaa, wa pili akakaa. Pweza alipotokea na taji kichwani, Mzee Shomari akashusha pumzi, "Kumbe mwizi mwenyewe ndiye huyu," akarudi kwenye kashata zake. Shemeji yangu akasema hebu ongeza sauti. Bi Tatu alikuwa mbali na kioo kwanza, akasogea kidogo, akasogea tena, mwishowe akawa mbele ya wote na chetezo mkononi kinazimika chenyewe.

Hivyo ndivyo Zuhura alivyotukuta. Alikuja na gari la ofisini kwao, akasimama mlangoni, akasema shikamooni, hakuitikiwa na mtu. Akatazama ukumbi umejaa moshi, watu wazima wamekodoa macho kwenye katuni, baba yake kakaa mkekani amejitanda shuka, analia machozi ya ubani. "Mama," akasema, "hapa kuna nini?"

Rukia ndiye aliyemjibu. "Mama, wamenifukiza. Babu kaja kuniokoa. Babu ndiye Konokono, sisi hutazama kila siku."

Nilitamani shuka lirudi. Zuhura hakupaza sauti, angepaza ningeshukuru. Alisema tu, "Daktari alikuuliza, baba."

"Nilisema uongo," nikamwambia. "Niliogopa utamchukua."

"Kwa hiyo ukaona bora macho yake yaharibike, ilimradi yanakutazama wewe."

Nililia, na safari hii sikuwa na ubani wa kusingizia. Watu wakainamisha vichwa, hata mashemeji. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, mimi nilificha maradhi ya mtoto mdogo, nikampelekea mpaka moshi.

Zuhura akasema, "Gari liko nje, nalo nyuma lina nafasi ya kimoja. Naondoka na mtoto, au naondoka na hiyo televisheni. Chagua baba, sasa hivi, mbele ya watu."

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo, zile nyingine zote ni utangulizi. Maana wakati anasema chagua, Kaduru alikuwa kaingia pangoni. Pweza kalala. Taji liko pale, gando limenyooka, bado kidogo tu liguse. Na macho yangu, Mungu anisamehe, yakaenda kwenye kioo. Kidogo tu, kiasi cha kupepesa. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unanitazama mimi, na ukumbi mzima uliona. Mke wangu aliona. Na Rukia aliona, akaniita kwa sauti ndogo, "Babu?"

Niliinuka mimi, na shuka langu mabegani, nikaenda ukutani, nikachomoa waya. Kioo kikawa cheusi gando likiwa hewani. Na nyuma yangu nikasikia watu wote, wakubwa na wadogo, wameguna kwa masikitiko, na aliyeguna kwa nguvu kuliko wote alikuwa Bi Tatu.

Akajirekebisha upesi. Akachukua kapu lake, akamwambia Zuhura, "Mwanangu, nimeitwa nimtoe mtu pepo, na mwenye pepo nimempata. Ila kiti alichokipanda si huyu mtoto." Akaninyooshea chetezo. Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na kilikuwa hakizimiki, Mzee Shomari anagaragara, mashemeji wanashikana, mke wangu anacheka na huku ananipiga na mtandio. Pilau ililiwa. Jogoo alishachinjwa, angerudishwa wapi. Na mimi niliibeba televisheni hadi kwenye gari mwenyewe, hakuna aliyenisaidia.

Sasa iko Horohoro, na ninaambiwa inafunikwa kitambaa. Rukia wiki za mwanzo alinisumbua, alilia, aligoma kula tena, nikamwacha njaa imfundishe, ikamfundisha. Macho yametulia. Tulimrudisha kwa yule daktari, na nilimwambia ukweli wote, hata habari ya kiatu, akaziba mdomo na karatasi lakini mabega yalikuwa yanamtetemeka. Usingizi wa mtoto umerudi. Alasiri nampeleka ufukweni Raskazone, maji yakitoka anakimbizana na kaa wa kweli kwenye mchanga, halafu akiwa mbali, kadogo kule, ananiita Konokono wangu uko wapi, na mimi najibu naja polepole, na sasa si mchezo, simpati kweli, ana mbio mtoto yule.

Nimeapa, na mama Zuhura ni shahidi, sitamlisha mtoto tena mbele ya kioo, na sitasema labda pale ninapojua. Ukiwa na mjukuu na ukampenda, mpeleke nje, na daktari akikuuliza mjibu.

Rukia mwenyewe kashamsahau Kaduru, juzi nimemtaja akaniuliza ni nani. Mimi ndiye bado. Bi Tatu pia, maana alinipigia kutoka Ushongo wiki iliyopita, kanisalimia, kauliza ya mtoto, kauliza ya mvua, kazungukazunguka, mwisho akauliza, "Eti mkwe, alilipata lile taji?" Nikamwambia sijui, shangazi, nilichomoa. Kwa hiyo kama kati yenu yupo mwenye watoto nyumbani na anajua liliishia wapi, asiniambie hapa mbele ya watu. Anipitie asubuhi, mama Zuhura akiwa sokoni.